Dawa ya presha ihame na mifugo

Mchukue mama wa miaka hamsini na kitu kutoka nyika za North Horr, kaunti ya Marsabit. Kichwa kimemgonga miezi mitatu. Hatimaye amedandia lori la mbuzi, amefika zahanati, amepimwa na kuambiwa ana presha. Anakabidhiwa vidonge vya mwezi mmoja na maneno mawili: rudi mwezi ujao.

Mwezi ujao boma lake litakuwa limehamia upande wa Illeret, au limeshuka ukingoni mwa jangwa la Chalbi, kutegemea mvua imenyesha wapi. Zahanati haihami, mama anahama. Vidonge vitakwisha, presha itapanda tena kimya kimya, na siku atakayorudi atakuwa amebebwa, mdomo umepinda, mkono mmoja haunyanyuki.

Kisha katika daftari la kliniki kutaandikwa maneno yale yale: mgonjwa ameacha dawa. Mama huyu hakuacha dawa. Ziliisha akiwa malishoni, na hakuna aliyejiuliza atapata wapi nyingine.

Tumechoka kusikia kwamba kaskazini ni pagumu. Hilo tunalijua. Turkana, Marsabit, Samburu, Isiolo, Wajir, Mandera na Garissa hazikuanza kuwa mbali jana. Na watu wa huko hawakuanza jana kuhama. Mpango wa matibabu unaomtaka mfugaji akae mahali pamoja ndipo apone uliandikwa na mtu ambaye hajawahi kuona kisima kikikauka.

Dawa ya jambo hili iko wazi. Mgonjwa ambaye presha yake imetulia apewe vidonge vya miezi mitatu. Aliyetulia na anayehama na mifugo apewe vya miezi sita. Na kipimo kimfuate kisimani, sokoni na mahali mifugo inapochanjwa. Hakuna teknolojia mpya hapo, wala kongamano la kuandaliwa Naivasha.

Tuhesabu pamoja. Amlodipine, moja ya dawa za presha zinazotumika sana nchini, humezwa kidonge kimoja kwa siku. Haihitaji friji. Vidonge vya miezi sita ni kama 180, vinaenea kwenye kikopo kidogo. Sasa mtazame mwanamke wa Kigabra au wa Kirendille siku ya kuhama. Anaivunja nyumba nzima, anaipakia juu ya ngamia: fito, mikeka, vibuyu, vyungu, na mtoto juu ya vyote. Halafu kuna mtu ofisini anayesema mama huyo hawezi kutunza kikopo cha vidonge.

Tunazijua sababu zinazotolewa. Tuzipitie moja moja.

Ya kwanza ni joto: eti dawa zitaharibika. Kwa vidonge vingi, kinachotakiwa ni kivuli, pakavu na mfuniko unaofunga. Basi tuzungumzie ile iliyo ngumu kweli, insulini, ambayo kila mtu huambiwa lazima ikae kwenye friji. Jibu lake lilitoka kaskazini hii hii. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipima joto halisi ndani ya makazi ya wagonjwa. Kisha, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, likaijaribu insulini katika hali hiyo hiyo ya joto kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yalichapishwa 2021: kwa wiki nne nguvu ya dawa haikupungua kiasi cha kuzuia matumizi. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa sukari anaweza kukaa na chupa aliyoifungua nyumbani kwake, akajidunga mwenyewe, asilazimike kwenda hospitali kila siku kwa sababu tu friji iko huko. Kama insulini imevumilia Dadaab, kidonge cha presha kitavumilia Maikona, Marsabit.

Sababu ya pili ni kwamba watu watasahau, watapoteza au watauza. Maneno haya tuliyasikia pia kuhusu dawa za kupunguza makali ya Ukimwi. Ilidhaniwa mgonjwa lazima aonekane kliniki kila mwezi, kama mwanafunzi mtoro anayeitwa majina asubuhi. Kisha akili ikarudi. Mwaka 2016 mwongozo wa kitaifa uliruhusu mgonjwa aliyetulia kubeba dawa za miezi mitatu. Malawi na Zambia zilijaribu miezi sita, na wagonjwa waliendelea na matibabu vizuri kama waliokuwa wakirudi mara kwa mara. Foleni zilipungua na wauguzi wakapata muda wa kuwatazama walio wagonjwa kweli. Kwa hiyo Kenya inajua kumwamini mgonjwa na mfuko wa dawa. Kwa nini imani hiyo iishie kwenye ugonjwa mmoja?

Na kama ni kufuatilia tiba ndefu kwa wafugaji, Wajir ilianza zamani. Miaka ya 1970, Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyeishi huko, aliona wagonjwa wa kifua kikuu wakikatiza matibabu ili kufuata mifugo. Hakuwapigia kelele. Aliwaacha wajenge manyatta zao kando ya kituo, wakaishi humo wakimeza dawa mbele ya wahudumu mpaka tiba ilipokamilika. Utaratibu wa kumeza dawa huku mhudumu akishuhudia ndio Shirika la Afya Duniani lilioueneza baadaye duniani kote kwa jina la DOTS. Wajir iliutumia kabla ya jina hilo kujulikana.

Tofauti ni moja. Kifua kikuu huisha baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo mtu anaweza kuombwa apige kambi kwa muda. Presha na sukari ni za maisha. Huwezi kumwambia mfugaji apige kambi mlangoni pa zahanati hadi kufa. Ikiwa mgonjwa hawezi kubaki, dawa ndiyo itakayosafiri.

Sababu ya tatu ni upungufu wa madaktari. Ni kweli hawatoshi. Lakini kupima presha na kuendeleza dawa iliyokwisha kuamuliwa hakumhitaji bingwa wa moyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unakubali dawa za presha zitolewe na wahudumu wasio madaktari, mradi wamefunzwa, wana utaratibu ulioandikwa na wana mkubwa wa kuwasimamia. Mwongozo huo huo unasema mgonjwa ambaye presha yake imetulia aonwe kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Anayeanza dawa, au ambaye bado inapanda, ndiye anayehitaji kuonwa kila mwezi. Kwa hiyo miezi sita tunayoitaja si huruma ya kumlegezea mfugaji. Ni kiwango kinachokubalika duniani ambacho tumekataa kumpa.

Na wa kumpima kila mwezi yule anayeanza dawa wapo tayari. Septemba 2023 serikali iliwazindua kwa shangwe wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja na mkoba wake. Ndani yake mna kipimo cha presha, kipimo cha sukari na mizani. Posho yao ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti. Mkoba huo ukitumika ipasavyo, una faida kuliko jengo la ghorofa lisilo na mhudumu.

Tatizo ni kwamba mpango wenyewe ulichorwa kwa ajili ya vijiji vinavyokaa. Mhamasishaji amepewa nyumba mia moja azizungukie. Huko Laisamis au Turkana Kaskazini, nyumba hizo mwezi huu zipo na mwezi ujao hazipo. Basi abadilishiwe ratiba. Azungukie maji badala ya nyumba. Kila boma, liwe wapi, litapeleka mtu kisimani. Siku ya soko la mifugo Merille, wanaume ambao hawajawahi kukanyaga zahanati watakuwa wamejaa pale wakibishana bei ya mbuzi. Kumfunga mmoja wao mkanda wa kipimo mkononi ni kazi ya dakika tano, itakwisha hata kabla bei haijakubaliwa.

Mhamasishaji huyo naye alipwe kwa wakati. Malalamiko ya posho zinazochelewa yamekuwa wimbo katika kaunti nyingi. Na mkoba usiokuwa na betri wala vijiti vya kupimia sukari ni mkoba tu. Hakuna mchungaji anayemtuma mtoto kunywesha mbuzi bila kamba wala ndoo.

Sababu ya nne, wanayoipenda kuliko zote, ni pesa. Hapa ndipo uvumilivu unapotuishia.

Mwaka 2015 serikali kuu iliingia mkataba wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne za kitaifa. Mkataba ulianza na Sh38 bilioni. Miongoni mwa vifaa hivyo zilikuwamo mashine za kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo. Mwaka 2020 kamati ya Seneti ilieleza jinsi vifaa vingine vilivyokuwa vimekaa tu kwa kukosa wataalamu, umeme au maji.

Hatupingi mashine ya figo. Aliye na figo zilizokufa anaihitaji leo, si kesho. Lakini kinachoua figo za watu wengi ni nini? Presha na sukari zisizodhibitiwa ni miongoni mwa visababishi vikuu. Ni kama mtu ambaye bati la nyumba yake limetoboka. Kila msimu wa mvua ananunua ndoo kubwa zaidi ya kukinga maji, anamwonyesha kila mgeni ndoo mpya, na fundi akimwambia lete bati moja na misumari, anasema hana pesa.

Bati moja na misumari ni dawa nne au tano zilizozoeleka, za bei nafuu, ambazo hazipaswi kukosekana kamwe kwenye rafu ya zahanati: amlodipine na mwenzake mmoja au wawili kwa presha, metformin kwa sukari, na insulini kwa wanaoihitaji. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti zahanati na hospitali zake, na tangu 2013 magavana ndio wenye funguo. Kaunti inapolimbikiza deni kwa KEMSA, mamlaka ya serikali inayosambaza dawa, dawa zinachelewa. Dawa zikichelewa, mgonjwa anaandikiwa karatasi akanunue kwenye duka la dawa. North Horr hakuna maduka ya dawa yaliyopangana barabarani kama Nairobi. Anayeandikiwa karatasi huko amenyimwa dawa kwa heshima.

Hata bima mpya ya afya, SHA, iliyoanza kazi Oktoba 2024, haitamfaa kitu kwa hali hiyo. Tumeambiwa matibabu ya zahanati na vituo vya afya yatalipwa na Hazina ya Afya ya Msingi, na mgonjwa asitoe pesa. Vizuri. Lakini dawa isiyokuwapo, iwe ya bure au ya kulipia, haishushi presha.

Kuna wanaofikiri haya ni magonjwa ya wenye tumbo kubwa na gari. Waende pembezoni mwa miji ya kaskazini wakaone. Kati ya 2020 na mwanzo wa 2023, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa nchini. Familia zilizokuwa zikiishi kwa maziwa na mwendo wa kilomita nyingi kwa siku zikajikuta zimekaa kando ya mji, zikila unga, mchele, mafuta ya kupikia na chai ya sukari tele. Maziwa yamepungua na kutembea kumepungua, lakini vijiko vya sukari vimebaki pale pale. Ongeza tumbaku ya kutafuna, ongeza miraa inayopandisha mapigo ya moyo, na fikra za mtu aliyepoteza ng'ombe wote. Halafu tunashangaa kiharusi kimetoka wapi.

Tena wengi hawajui hali zao. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawakuwa wamewahi kupimwa presha, na karibu tisa kati ya kumi hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Hiyo ni nchi nzima, pamoja na wale wanaoishi hatua mia moja kutoka hospitalini.

Kinga basi isemwe kwa lugha ya mahali. Tumeona mabango ya afya yenye picha ya tufaha, karoti na mzungu anayekimbia kwa viatu vya michezo. Mfugaji hahitaji kufundishwa kutembea, na mboga humfikia lori likipenda. Mwambie lililo mkononi mwake: punguza vijiko vya sukari kutoka vinne hadi viwili, kisha kimoja. Usiongeze chumvi kwenye chakula kilichokwisha kuiva. Tumbaku acha. Na mwambie huku mkanda wa kipimo ungali mkononi mwake na namba anaiona, kwa lugha yake, na mtu anayemjua. Maneno hayo yatamkaa kuliko bango.

Vivyo hivyo kwa Ramadhani. Garissa, Wajir, Mandera na sehemu kubwa ya Isiolo na Marsabit hufunga. Mgonjwa wa sukari anayefunga bila kubadilishiwa saa na kiasi cha dawa anaweza kuzimia kabla ya magharibi. Wakati wa mfungo unajulikana mapema kila mwaka. Wahudumu wakae na maimamu mwezi mmoja kabla, wagonjwa waitwe, wapangiwe dawa za daku na za futari, na wale ambao kufunga ni hatari kwao waelezwe na sheikh wao kwamba dini imewapa ruhusa. Haigharimu zaidi ya chai ya kikao, na hiyo tunaomba iwe na sukari kidogo.

Lipo pia suala la kumbukumbu. Mgonjwa wa Samburu akivuka kwenda Isiolo, muuguzi mpya hana habari naye, na matibabu yanaanza upya. Tumepitisha sheria ya afya ya kidijitali mwaka 2023, nasi tunaitakia heri. Hadi mtandao utakapofika Kargi, kuna kitu kinachoitwa daftari. Lifungwe kwenye karatasi ya nailoni, liandikwe jina la dawa, kipimo cha mwisho na tarehe, mgonjwa alibebe mwenyewe. Mama wa Kenya amelitunza daftari la kliniki ya mtoto kwa miaka mingi kuliko cheti cha ndoa. Atalitunza na hili. Na zahanati yoyote, ya kaunti yoyote, imhudumie bila kumuuliza kwao ni wapi.

Kwa wanaosema yote haya hayawezekani nyikani, tuna neno moja: sotoka. Ugonjwa huo uliangamiza ng'ombe wa Afrika tangu mwishoni mwa karne ya 19. Leo haupo. Ng'ombe hawakuagizwa waje mjini siku ya Jumatatu na kadi zao. Ilitengenezwa chanjo inayovumilia joto bila barafu, na Karamoja, Afar na Sudan Kusini wafugaji wenyewe wakafunzwa kuchanja, wakaibeba mgongoni hadi zizini. Mara ya mwisho ugonjwa huo kuonekana duniani ilikuwa 2001, kwa nyati wa mbuga ya Meru hapa hapa Kenya. Mwaka 2011 dunia ikatangaza umekwisha.

Turkana nao wana Kimormor, siku ambayo huduma za watu na za mifugo hukutana mahali pamoja. Mfugaji anakuja kwa ajili ya mbuzi wake, anaondoka na yeye mwenyewe amepimwa. Jambo hilo lifanywe desturi ya kaunti zote saba, kwa ratiba inayojulikana na bajeti yake, lisingoje mfadhili aje na hema na fulana.

Bajeti mpya za kaunti huanza Julai 1. Kila gavana wa kaskazini aonyeshe mambo manne kwenye karatasi: dawa hizo chache zimelipiwa mwaka mzima, deni la KEMSA lina tarehe ya kumalizwa, posho za wahamasishaji zimetengwa, na kila afisa wa afya ana orodha ya visima na masoko atakayofikia, mwezi kwa mwezi. Wizara ya Afya nayo itoe waraka mmoja unaosema wazi kwamba mgonjwa wa presha aliyetulia na anayehama apewe vidonge vya miezi sita. Muuguzi wa zahanati leo anaogopa kutoa vingi kwa sababu hakuna aliyemwandikia kwamba anaruhusiwa, na rafu zikibaki tupu yeye ndiye atakayeulizwa.

Waraka huo ni ukurasa mmoja. Mtu anayejua kuandika anaumaliza kabla chai yake haijapoa. Akichelewa, boma la yule mama litakuwa limeshahama.